Yaondoa, kuondoa, imeondoa: kusoma vichwa vya habari vya wiki ya bajeti

Ijumaa ya tarehe 14 Juni 2024 nilifika kwenye meza ya magazeti ya mtaani kwetu saa moja kasoro asubuhi, nikakosa pa kusimama. Jana yake saa kumi jioni, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, alikuwa amesoma bungeni Dodoma hotuba ya bajeti ya mwaka 2024/25. Watu walijipanga safu mbili, wa nyuma wakisoma juu ya mabega ya wa mbele, kama ilivyo desturi ya meza ile: wanaonunua gazeti ni wachache, wanaosoma kurasa za mbele ni wote. Trilioni 49.35. Kodi hapa yapanda, pale yashuka. Sukari. Deni. Shilingi.

Pembeni ya meza hukaa mama mmoja anayeuza vitumbua. Nilimwamkia, naye baada ya marahaba hakuniuliza ninataka vingapi.

"Mwanangu, wewe unayesoma, hebu niambie. Hiyo sukari inashuka kuanzia leo au kuanzia Jumatatu?"

Nilitafuta jibu fupi nikalikosa. Kichwa cha habari kilitaja sukari na kilitaja serikali, na mama wa watu, ambaye kila usiku hupima sukari kwa kikombe kabla ya kuroweka mchele, alikuwa na haki ya kuamini kwamba maneno yale yana tarehe. Nimeandika makala haya kwa sababu ya swali lake, na kwa sababu Juni ile habari zilikuja kwa fujo kiasi kwamba hata sisi tunaofuatilia tulichanganyikiwa: bajeti yetu, maandamano ya Nairobi, mgomo wa Kariakoo, dola kupaa, vyote ndani ya wiki mbili.

Nianze na kitenzi, maana tatizo linaanzia hapo. Mtaani tunasema "serikali imeondoa kodi", au "inataka kuondoa", au "itaondoa", na msikilizaji anajua mara moja jambo limefikia wapi. Mhariri anabana maneno yaenee kwenye upana wa ukurasa, hivyo anaandika "Serikali yaondoa kodi". Ile -a- ya magazeti haina saa. Inaweza kubeba jambo lililokwisha, linaloendelea, na lililosemwa jana tu na mtu mmoja kwenye kipaza sauti. Akiandika "Serikali kuondoa kodi", hapo walau amekupa dalili kwamba bado. Wiki ya bajeti mimi hukirudisha kila kichwa cha habari kwenye lugha ya mtaani kabla sijamwambia mtu. "Yaondoa" ya asubuhi ya Juni 14 maana yake ilikuwa "waziri amependekeza iondolewe". Ni pendekezo, hata kama limechapwa kwa wino mzito.

Sasa bajeti yenyewe ni nini? Wengi wetu tumewahi kukaa kwenye kamati ya harusi. Mwenyekiti anasimama, anasoma: bajeti yetu ni milioni 20. Kuna orodha ya matumizi, yaani ukumbi, chakula, mapambo, gari la maharusi. Na kuna orodha ya fedha zitakapotoka: familia, marafiki walioahidi, wafanyakazi wenzake bwana harusi, na pengo litakalozibwa kwa mkopo wa kikoba. Hakuna anayetoka kwenye kikao kile akiamini kuwa milioni 20 ziko kwenye begi la mweka hazina. Ni ahadi zinazotafuta fedha.

Trilioni 49.35 za mwaka ule zilikuwa vivyo hivyo. Mapato ya ndani, yaani kodi na makusanyo mengine, yalikadiriwa kuwa trilioni 34.61. Misaada na mikopo nafuu kutoka kwa washirika wa maendeleo, trilioni 5.13. Mikopo ya ndani, trilioni 6.62, na zaidi ya nusu yake ni ya kulipia dhamana na hatifungani za zamani zinazoiva, yaani mikopo ya ndani ambayo muda wake wa kulipwa umefika. Mikopo ya nje yenye masharti ya kibiashara, trilioni 2.99. Ukijumlisha unapata 49.35 kamili. Kila tarakimu kati ya hizo ilikuwa makadirio ya fedha za miezi 12 iliyokuwa bado haijaanza. Ndiyo maana mtu akilalamika kwamba "trilioni 49 zimekwenda wapi" ilhali ni Juni, nauelewa uchungu wake, lakini fedha hizo zilikuwa bado kwa wenye ahadi.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wazima na wasomi hulikosea. Hotuba ni moja, lakini ruhusa za kisheria zinazofuata ni mbili, na ni tofauti. Ya kwanza ni Sheria ya Matumizi, inayoiruhusu serikali kutoa fedha na kutumia: ndiyo orodha ya ukumbi na chakula. Ya pili ni Sheria ya Fedha, inayobadilisha sheria za kodi na tozo: ndiyo orodha ya nani achange na achange kiasi gani. Kabla hazijawa sheria zinaitwa miswada. Kwetu wabunge hujadili hotuba kwa siku kadhaa, kisha kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa jina, mbunge mmoja mmoja, na kila mmoja hujibu kwa sauti yake. Uzito huo una sababu: Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge iwapo litakataa kupitisha bajeti ya serikali. Baada ya hapo miswada hupitishwa, Rais husaini, na kwa kawaida viwango vipya huanza Julai 1, siku mwaka wa fedha unapoanza.

Kwa hiyo kati ya Juni 14 na Julai 1 kuna wiki mbili na ushee ambazo "yaondoa" yote na "yaongeza" yote bado yanasukwa. Wabunge wanaweza kupunguza, waziri anaweza kurudi na kusema tumesikia. Hata baada ya Julai 1 mlango haufungwi kabisa. Wanaokumbuka tozo ya miamala ya simu wanajua: ilianza Julai 15, 2021, ikiwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, watu wakapiga kelele nchi nzima, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata ikapunguzwa tena.

Kenya ilionyesha tofauti ya hizo ruhusa mbili, kwa gharama kubwa mno, Juni hiyohiyo. Wao husema mswada, sisi muswada, lakini kitu ni kilekile. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza, pamoja na mengine, mkate utozwe VAT, yaani Kodi ya Ongezeko la Thamani, ya asilimia 16 na magari yalipiwe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake. Juni 18 vijana waliingia barabarani Nairobi, na siku hiyohiyo kamati ya fedha ya Bunge la Taifa ikatangaza kuviondoa vipengele kadhaa, mkate na magari vikiwemo. Vichwa vya habari vikasema yaondolewa. Huku kwetu nilisikia watu wakisema mambo yamekwisha, Wakenya warudi nyumbani. Mswada ulikuwa hai bado. Juni 20 ulipita usomaji wa pili, na Juni 25 wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106, siku ambayo waandamanaji waliingia ndani ya majengo ya Bunge na polisi wakafyatua risasi za moto. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatausaini. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa kufikia Julai 1. Nataja idadi hiyo hapa kwenye makala ya maneno na tarakimu kwa sababu miongoni mwa walioandamana walikuwamo waliousoma mswada, kifungu kwa kifungu. Vijana walikuwa wameutafsiri kwa lugha zao za nyumbani na kuusambaza kwa simu. Sijui ni lini tena sheria ya kodi ilisomwa na watu wengi kiasi kile.

Baada ya Juni 26, kwenye meza yetu ya magazeti ilisemwa kwamba "Wakenya wamefuta bajeti". Hawakufuta bajeti. Kilichoangushwa ni orodha ya wachangiaji wapya, iliyokuwa imelenga kuongeza shilingi bilioni 346 za Kenya. Orodha ya matumizi ilikuwa sheria nyingine, na hiyo Rais aliisaini siku chache baadaye, kisha ikabidi ipunguzwe kwa bajeti ya nyongeza kwa sababu fedha zilizotarajiwa hazingekuja. Kodi za zamani ziliendelea kama kawaida. Na Julai, tozo ya matengenezo ya barabara iliyomo ndani ya kila lita ya petroli na dizeli ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Watu walishangaa: si mswada umekataliwa? Tozo ile haikuwa imepita kwenye mswada. Ina sheria yake, na kiwango chake hubadilishwa kwa tangazo la waziri. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, huu ulikuwa wa uani na ulikuwepo siku zote.

Nirudi Dar es Salaam. Jumatatu ya Juni 24 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na mgomo ukasambaa hadi miji mingine. Neno lililotawala kurasa za mbele lilikuwa kodi, na wengi wakahitimisha kwamba bajeti imepandisha VAT. Haikupandisha, ilikuwa asilimia 18 kabla na asilimia 18 baada. Kilio kikubwa cha wafanyabiashara kilikuwa namna ya kukusanya, kile walichokiita kamatakamata. Lakini mjadala ule ulinionyesha kwamba kodi hii tunayoilipa kila siku hatuifahamu inavyotembea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

VAT haitoki kwenye faida ya mwenye duka. Tuchukue mfano. Mwenye duka aliyesajiliwa ananunua mzigo wa 100,000, anaongezewa 18,000 za VAT, analipa 118,000. Anauuza kwa 150,000, anaongeza 27,000 za VAT, mteja analipa 177,000. Ile 27,000 si yake. Anatoa ile 18,000 aliyokwisha kuilipa alipokuwa ananunua, na tofauti, 9,000, anaipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato. Ukiangalia mwisho wa safari, 27,000 zote zimetoka mfukoni mwa mteja. Mwenye duka amekuwa kama konda anayekusanya nauli njiani na kuikabidhi kwa tajiri. Mfumo huu unafanya kazi ikiwa kila aliyesajiliwa anatoa risiti na anapokea risiti. Akinunua bila risiti, hana cha kuonyesha ili arudishiwe ile 18,000, na hapo ndipo VAT inaanza kweli kuila faida yake. Ugomvi mwingi wa Kariakoo unazaliwa kwenye pengo hilo. Yule mwenye mauzo yasiyofika milioni 200 kwa mwaka halazimiki kujisajili kabisa, kwa hiyo Mangi, mwenye duka dogo la mtaani kwetu, haandiki VAT kwenye risiti, lakini bidhaa anazouza zilikwisha kuibeba kabla hazijafika kwake.

Ukishalielewa hilo, utaelewa habari moja ya zamani ambayo bado inaniuma. Juni 2018 serikali ilipendekeza kusamehe VAT kwenye taulo za kike. Ilikuwa habari njema, na ilistahili shangwe iliyopata. Kuna mabinti wanaokosa shule kila mwezi kwa kukosa kitu hicho. "VAT yaondolewa." Kila mtu akapiga hesabu kwamba bei itashuka kwa asilimia 18. Haikushuka hivyo. Mwaka uliofuata, Dk. Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo, akapendekeza kodi irudishwe kwa sababu wanunuzi hawakuona nafuu, na ikarudi. Wafanyabiashara walibeba lawama yote. Sehemu walistahili, maana wako waliobaki na bei ya zamani. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa na tundu ambalo wachache walilieleza.

Kuna namna mbili za kuondoa VAT, na kichwa cha habari huziita jina moja. Ipo ya kutoza kiwango cha sifuri, na ipo ya msamaha. Chukua kiwanda cha hapa nchini. Malighafi ya pakiti moja, tuseme, ni shilingi 1,000, na VAT juu yake 180. Kiwanda kinaongeza gharama zake na faida, 500. VAT ikiwepo kama kawaida, kiwanda kinarudishiwa zile 180, bei kabla ya kodi inakuwa 1,500, ukiongeza asilimia 18 ni 1,770. Kikipewa kiwango cha sifuri, zile 180 kinarudishiwa bado, na bei inakuwa 1,500 tupu. Imeshuka kwa 270. Lakini kikipewa msamaha, kimetolewa nje ya mfumo: hakitozi VAT, ila pia hakirudishiwi kile kilicholipa. Zile 180 zinabaki ndani ya gharama. Bei inakuwa 1,680. Imeshuka kwa 90 tu. Hizo 90 zipite kwa msambazaji, kwa muuzaji wa jumla, kwa Mangi, kila mmoja akiwa na nauli na kodi ya pango, na chenji ya shilingi mia inavyosumbua: binti atakayefika dukani ataziona wapi? Kilichotolewa mwaka 2018 kilikuwa msamaha. Mkate wa Kenya, kwa upande mwingine, ulikuwa kwenye kiwango cha sifuri, ndiyo maana pendekezo la kuupeleka hadi asilimia 16 lilikuwa zito kuliko lilivyosikika.

Kwa hiyo ukisoma "yaondolewa" kwenye VAT, uliza swali moja: sifuri au msamaha? Neno hilo liko kwenye muswada, na muswada huchapishwa. Natamani magazeti yetu yangeliweka kwenye mstari wa pili wa habari.

Sasa mfumuko wa bei. Mei 2024 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitangaza asilimia 3.1 kwa Tanzania. Kwa Kenya ulikuwa asilimia 5.1. Kila mwezi habari hii ikitoka, kuna anayekasirika: mbona mchele haujashuka? Mfumuko kushuka hakumaanishi bei kushuka. Mzazi anajua. Mtoto wako mwaka juzi alikua kwa kasi, ukanunua viatu vya shule mara mbili. Mwaka huu amekua kidogo. Ukuaji umepungua, ni kweli, lakini mguu haujarudi nyuma, na vile viatu vya mwaka juzi havitamwingia. Asilimia 3.1 maana yake kapu la bidhaa na huduma lililogharimu shilingi 100,000 mwaka mmoja nyuma sasa linagharimu 103,100. Ili bei zirudi nyuma, tarakimu ingebidi iwe chini ya sifuri.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalowatenganisha watu na takwimu hata takwimu zikiwa sahihi. Lile kapu ni la taifa zima. Ndani yake kuna kodi ya nyumba, nauli, vifurushi vya simu, mavazi, chakula cha hotelini. Chakula cha nyumbani na vinywaji visivyo na kilevi hubeba karibu asilimia 28. Kapu la mama wa vitumbua si hilo. Mtaji wake ni mchele, sukari, mafuta ya kula, iliki na mkaa. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uvunaji wa miwa, kilo ya sukari ilifika shilingi 4,000 na zaidi kwenye mitaa mingi, ingawa Bodi ya Sukari ilikuwa imetangaza bei elekezi za rejareja zinazoanzia 2,700. Kwenye kapu la taifa sukari ni kitu kidogo. Kwenye beseni lake ni kila kitumbua. Alipunguza ukubwa wa kitumbua, bei ikabaki ileile, na wateja wakaona kabla hajasema. Takwimu haikudanganya, na yeye pia hakudanganya.

Deni la taifa huja kila mwaka na neno lake, himilivu. Watu hulisikia kama "dogo". Mwanachama wa kikoba mwenye mkopo wa milioni tano na duka linaloingiza vizuri ana deni himilivu. Mwenye mkopo wa laki tano asiye na kazi hana. Wataalamu hupima thamani ya sasa ya deni dhidi ya pato la taifa, na ukomo unaotajwa kwetu ni asilimia 55. Kwamba tuko chini ya ukomo ni habari ya kweli. Lakini mimi huangalia pia upande wa pili wa bajeti: mwaka ule trilioni 15.74 zilitengwa kwa deni na mahitaji mengine ya Mfuko Mkuu wa Serikali, na trilioni 11.77 kwa mishahara. Katika kila shilingi 100, karibu 32 zilikwisha kuwa na mwenyewe kwa deni na Mfuko Mkuu, na karibu 24 kwa mishahara, kabla hujanunua dawati hata moja. Deni linaweza kuwa himilivu na bado likabana.

Na shilingi. Juni ile dola moja ilikuwa imepita shilingi 2,600 za Tanzania, wakati ya Kenya, iliyokuwa imefika karibu 160 kwa dola mwezi Januari, ilikuwa imeimarika hadi karibu 129. Ubishi wa kijiweni ukawa kwamba shilingi ya Kenya ina nguvu mara ishirini ya yetu. Huo ni ubishi wa anayepima mahindi kwa gunia na anayepima kwa kibaba. Idadi ya vipimo haisemi nani ana chakula kingi. Cha kuangalia ni mwendo: shilingi moja inanunua dola nyingi au chache kuliko mwaka jana? Yetu ilikuwa imeshuka. Ya Kenya ilipanda baada ya Februari, serikali yao ilipokopa dola bilioni 1.5 kwenye soko la kimataifa na hofu ya kushindwa kulipa deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni ikapungua.

Mwendo huo hufika mtaani kwanza kupitia mafuta. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na tangazo hilo ni tofauti na mengi niliyoyaeleza: halipendekezi. Linaanza kutumika siku hiyohiyo. Kwa mtu wa bodaboda, karatasi ile moja ina uzito kuliko hotuba yote ya saa kumi jioni.

Nilimrudia yule mama siku kadhaa baadaye, nilipokwisha kusoma alichoniuliza. Sehemu ya sukari kwenye Muswada wetu wa Fedha haikuwa kodi hata kidogo. Ilikuwa mabadiliko ya Sheria ya Tasnia ya Sukari, kuiruhusu NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, inayotunza mahindi na mchele, itunze pia sukari na kuiingiza nchini pale inapopungua. Miswada ya fedha huja na mambo kama hayo kwenye kurasa za nyuma. Nilimweleza kwamba bei haishuki leo wala Jumatatu. Wanatengeneza ghala, ili mwaka mwingine mvua zikiharibu miwa isitokee kama Januari.

Alinisikiliza huku akigeuza vitumbua kwa kijiti, kimoja kimoja, kuanzia ukingoni.

"Kwa hiyo ni akiba."

"Ndiyo mama, akiba."

Akavifunga vyangu vinne kwenye karatasi, akanirudishia chenji. "Basi ukisoma tena, unitazamie. Hiyo akiba wameshaanza kuiweka, au nayo ni kuweka?"